Askari Jela Akikosa, Anahukumiwa Vipi?

Nilipompelekea binamu yangu nguo katika gereza moja hapa Pwani, askari wa langoni aliniambia bila haya: "Toa ya chai, mzigo upite." Nikatoa. Tangu siku hiyo najiuliza: askari jela akikosa, yeye huhukumiwa vipi?

Uingereza wana kosa liitwalo mwenendo mbaya katika ofisi ya umma. Halikutungwa na bunge, bali lilitokana na maamuzi ya mahakama. Kesi inayotajwa sana ni ya 1783, ya mhasibu wa serikali aliyeficha hesabu. Adhabu ya juu kabisa ni kifungo cha maisha.

Upande wa mashtaka huthibitisha mambo manne: mshtakiwa ni mtumishi wa umma na alikuwa kazini kwa cheo hicho, alikosa makusudi, kosa ni zito kiasi cha kuvunja imani ya wananchi, na hakuwa na sababu ya kuridhisha. Si askari peke yao. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba hata wauguzi wa gerezani wanaguswa.

Jaji akipima adhabu hutazama kama kulikuwa na pesa, kama simu au dawa za kulevya ziliingizwa, na hatari waliyotiwa wenzake. Anayekiri mapema hupunguziwa hadi thuluthi moja. Januari 2025, askari wa kike wa gereza la Wandsworth, London, alifungwa miezi 15 kwa kufanya mapenzi na mfungwa ndani ya seli. Alikuwa amekiri.

Nasi hatukosi sheria. Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, kifungu cha 46, inakataza matumizi mabaya ya mamlaka. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 10, faini isiyozidi shilingi milioni moja, au vyote viwili. Aliyejifaidi huongezewa faini ya lazima, mara mbili ya faida aliyopata.

Lakini Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayepokea na anayetoa pia. Kwa hivyo siku ile langoni tulikosa wawili, mimi na yeye. EACC ina ofisi Mombasa, na malalamiko hupokewa hata bila kutaja jina. Safari ijayo nitapitia huko kwanza.