Je, ni lazima muuzaji auze kwa bei aliyoitangaza kimakosa?

MNUNUZI anaingia katika duka kuu na kuona runinga yenye kibandiko cha Sh4,999. Anaibeba kwa furaha hadi kwa karani wa malipo, lakini mashine inasoma Sh49,990. Msimamizi anaitwa, anaomba radhi, anaeleza kwamba aliyechapa kibandiko aliacha sifuri ya mwisho, kisha anakataa katakata kuuza kwa bei ile ya chini.

Mnunuzi anashikilia kuwa bei iliyoandikwa ndiyo bei. Muuzaji naye anashikilia kuwa kosa ni kosa. Foleni inazidi kurefuka nyuma yao.

Mabishano ya aina hii ni ya kila siku madukani, na tangu biashara ya mtandaoni ishike kasi yamehamia pia kwenye simu za mkononi. Wahenga walisema biashara haigombi, lakini inapogomba, ni vyema kila upande ujue sheria inasimama wapi.

Jibu kwa ufupi ni kwamba, kwa kawaida, muuzaji halazimiki kuuza kwa bei iliyotangazwa kimakosa iwapo mkataba haujafungwa. Mkataba ukishafungwa, mambo hubadilika, na hapo huulizwa iwapo mnunuzi alijua kwamba bei hiyo ilikuwa kosa. Aidha, muuzaji anayetangaza bei ya uongo kwa makusudi hana kinga hiyo, kwa kuwa hilo si kosa bali ni hila.

Kibandiko ni mwaliko

Kifungu cha 2 cha Sheria ya Mikataba ya Kenya (Sura ya 23) kinaelekeza kwamba masuala ya mikataba yaamuliwe kwa kufuata sheria ya Uingereza itokanayo na hukumu za majaji, pamoja na kanuni za haki na usawa. Ndiyo maana hukumu zilizotolewa London miongo mingi iliyopita zingali na uzito katika mahakama za Nairobi na Mombasa.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, mkataba huanza na pendekezo la upande mmoja na kukamilika upande wa pili unapolikubali. Swali basi ni hili: kibandiko cha bei ni pendekezo au ni kitu kingine?

Mwaka wa 1953, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilitoa jibu katika kesi iliyohusu kampuni ya dawa ya Boots. Kampuni hiyo ilikuwa imefungua katika eneo la Edgware duka ambalo wateja walijichukulia bidhaa rafuni wenyewe, jambo lililokuwa geni wakati huo. Chama cha wafamasia kililalamika kwamba baadhi ya dawa zilikuwa zikiuzwa bila mfamasia kusimamia, kwa hoja kuwa mauzo yalikamilika pale mteja alipotia dawa kikapuni.

Majaji waliikataa hoja hiyo. Walisema bidhaa iliyo rafuni ni mwaliko tu kwa mteja. Mteja ndiye hutoa pendekezo la kununua anapoifikisha kwenye kaunta, na karani anapolikubali ndipo mkataba unapozaliwa. Mahakama iliongeza kuwa kama ingekuwa vinginevyo, mteja aliyekwisha kutia kitu kikapuni asingeweza kukirudisha hata kama angeona kingine kizuri zaidi.

Kanuni hiyo ilithibitishwa katika kesi ya Fisher dhidi ya Bell, iliyoamuliwa mwaka wa 1960. Mwenye duka mjini Bristol alikuwa ameweka dirishani kisu cha kufyatuka chenye bei ya shilingi nne za Uingereza. Alishtakiwa kwa kutoa pendekezo la kuuza silaha iliyoharamishwa mwaka wa 1959. Mahakama ilimwachilia kwa sababu kuonyesha kitu dirishani pamoja na bei yake si kupendekeza kukiuza. Bunge la Uingereza lililazimika kuirekebisha sheria hiyo mwaka wa 1961 ili kuziba mwanya huo.

Matangazo ya magazetini nayo yaliamuliwa vivyo hivyo katika kesi ya Partridge dhidi ya Crittenden mwaka wa 1968, iliyohusu ndege waliotangazwa kwa bei ya shilingi 25 kila mmoja.

Kwa hivyo, yule mnunuzi wa runinga ya Sh4,999 hana mkataba anapokuwa bado kwenye kaunta. Lakini uhuru huo ni wa pande zote mbili. Muuzaji hawezi kumlazimisha alipe Sh49,990 kwa kisingizio kwamba ameshaibeba runinga. Ana hiari ya kuiacha pale pale na kwenda zake.

Tangazo linapogeuka ahadi

Hata hivyo, si kila tangazo ni mwaliko. Tangazo linaloahidi jambo bayana kwa mtu atakayetimiza masharti fulani laweza kumfunga aliyelitoa.

Mfano maarufu ni kesi ya Carlill dhidi ya kampuni ya Carbolic Smoke Ball, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwishoni mwa mwaka wa 1892. Kampuni hiyo ilitangaza kwamba ingempa pauni 100 yeyote ambaye angetumia kifaa chake jinsi ilivyoelekezwa na bado augue homa ya mafua. Ili kuonyesha kwamba haikuwa ikifanya mzaha, ilisema imeweka pauni 1,000 katika benki. Bi Carlill alikitumia, akaugua, akadai. Mahakama iliamuru alipwe.

Nchini Marekani, Mahakama ya Juu ya jimbo la Minnesota ilifuata mkondo kama huo mwaka wa 1957. Duka moja la Minneapolis lilikuwa limetangaza vazi la manyoya lenye thamani ya dola 139.50 kwa bei ya dola moja, kwa atakayefika kwanza. Bwana Lefkowitz alifika wa kwanza na dola yake mkononi, akaambiwa kwamba kanuni ya duka ni kuwauzia wanawake pekee. Kanuni hiyo haikuwa katika tangazo. Mahakama ilisema tangazo lilikuwa bayana na halikuacha jambo lolote la kujadiliwa, hivyo lilikuwa pendekezo kamili. Alipewa fidia ya dola 138.50.

Muuzaji anayetangaza kwamba wateja kumi wa kwanza watapata simu kwa bei fulani anafaa kuyakumbuka hayo. Kadiri tangazo linavyotaja idadi, bei na masharti waziwazi, ndivyo linavyokaribia kuwa ahadi.

Mkataba ukishafungwa

Hali huwa tofauti iwapo karani alipokea pesa na kutoa risiti kabla ya kosa kugunduliwa. Hapo mkataba umekamilika, na kwa kawaida muuzaji hawezi kumfuata mteja nje kudai nyongeza. Aliyekosea ndiye abebaye hasara.

Sheria lakini haimlindi mnunuzi aliyejua. Iwapo alifahamu kwamba muuzaji amekosea kuandika bei na akanyamaza ili afaidike, mahakama yaweza kusema hapakuwa na mkataba tangu mwanzo, kwa kuwa nia za pande mbili hazikukutana.

Mwaka wa 1939, mahakama ya Uingereza iliamua hivyo katika kesi ya Hartog dhidi ya Colin & Shields, iliyohusu ngozi 30,000 za sungura kutoka Argentina. Mazungumzo yote yalikuwa yamefanywa kwa bei ya kila ngozi, lakini barua ya mwisho ikataja bei ile kwa kila ratili. Kwa kuwa ratili moja ilikuwa na ngozi kadhaa, bei ilishuka mno. Mahakama ilisema mnunuzi, akiwa mzoefu wa biashara hiyo, hangekosa kujua kwamba hilo lilikuwa kosa.

Ni muhimu kutofautisha kosa la kuandika na kosa la kukadiria thamani. Mtu anayeuza kinyago cha kale kwa Sh500 kwa kutojua kwamba kina thamani ya maelfu hakukosea kuandika bei. Alitaka Sh500 na akazipata. Mkataba wake ni halali hata akijuta baadaye.

Printa za dola 66

Kesi inayotajwa sana kuhusu bei za mtandaoni ni ya Singapore. Mnamo Januari 2003, tovuti ya Digilandmall ilionyesha printa ya leza yenye bei ya dola 3,854 za nchi hiyo kuwa inauzwa kwa dola 66. Tarakimu hizo ziliingia kimakosa wakati wa mafunzo ya wafanyakazi.

Usiku wa manane, marafiki sita walijulishana na kuagiza jumla ya printa 1,606. Kwa bei ya kawaida, mzigo huo ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni sita. Wao walitarajia kulipa takriban dola 106,000. Mitambo ya kampuni iliwatumia barua pepe za kuthibitisha maagizo yao bila binadamu yeyote kuyaona.

Kampuni ilipokataa kutuma printa hizo, walienda mahakamani. Mahakama Kuu iliwakataa mwaka wa 2004, na Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo mwaka wa 2005. Majaji waliridhika kwamba walalamishi walijua bei hiyo ni kosa, na mikataba yao ikatangazwa kuwa batili.

Si kila kampuni hufika mahakamani. Mnamo Januari 2002, tovuti ya Kodak nchini Uingereza ilitangaza kamera pamoja na vifaa vyake kwa pauni 100 badala ya pauni 329. Wateja walikuwa wamekwisha kupokea barua pepe za kuthibitisha ununuzi. Kampuni ilikataa kwanza, lakini baada ya lawama kuzidi ikaamua kuwauzia kwa bei ile ya chini.

Kutokana na visa kama hivyo, maduka mengi ya mtandaoni sasa huandika katika masharti yao kwamba barua ya kwanza ni taarifa tu ya kupokea agizo, na kwamba mkataba hufungwa bidhaa inapotumwa. Mnunuzi anapaswa kuyasoma masharti hayo kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa.

Kosa au hila?

Sheria za kulinda wanunuzi zinaongeza uzito upande wa pili wa mizani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinawapa wanunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili wafaidike kikamilifu na bidhaa na huduma. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inaharamisha maelezo ya uongo, yakiwemo ya kudai kwamba kuna nafuu ya bei ilhali haipo. Mnunuzi aliyeingizwa katika mkataba kwa njia hiyo anaweza kuuvunja. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 nacho kinafanya kuwa hatia kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bei.

Hivyo, duka ambalo rafuni huandika Sh180 na kwenye kaunta likatoza Sh210, siku baada ya siku, haliwezi kujificha nyuma ya neno “kosa”. Kosa la kweli husahihishwa mara tu linapogunduliwa.

Afrika Kusini imeliweka jambo hili wazi zaidi. Sheria yake ya kulinda wanunuzi ya 2008 inamkataza muuzaji kutoza zaidi ya bei aliyoionyesha, na pakiwa na bei mbili, iliyo ya chini ndiyo hutumika. Hata hivyo, inamwondolea wajibu huo iwapo bei ilikuwa na kosa lisilo la makusudi na lililo dhahiri, mradi amelisahihisha na kuchukua hatua za kuwajulisha wanunuzi.

Hata mahali ambapo sheria humbana muuzaji, huruma ya mahakama haijafungwa kabisa. Mwaka wa 2001, Mahakama ya Juu ya California iliamua kesi ya gari aina ya Jaguar lililotangazwa gazetini kwa dola 25,995 badala ya dola 37,995. Sheria ya jimbo hilo ilifanya tangazo hilo kuwa pendekezo kamili. Lakini kosa lilitoka gazetini, muuzaji hakulijua, na yeye mwenyewe alikuwa amelinunua gari hilo kwa dola 35,000. Aliruhusiwa kujitoa katika mkataba.

Hatua za kuchukua

Mnunuzi anayeona tofauti ya bei anashauriwa kupiga picha kibandiko au tangazo, kuhifadhi risiti na ujumbe wote, kisha kuzungumza na msimamizi kwa utulivu. Maduka mengi huamua kuuza kwa bei ya chini pale tofauti inapokuwa ndogo, ili kulinda jina lao. Hiyo lakini ni hisani, si wajibu.

Anayeamini kwamba amehadaiwa anaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Iwapo alilipa na akanyimwa bidhaa na hata pesa zake, anaweza kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyobuniwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi jijini Nairobi mwaka wa 2021. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, mlalamishi anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na kesi inapaswa kuamuliwa katika muda wa siku 60.

Muuzaji naye anapaswa kuondoa bei yenye kosa papo hapo, kuwajulisha waliokwisha kuagiza, na kurejesha pesa zao bila kuzungushana. Kadiri anavyochelewa, ndivyo maelezo yake kwamba alikosea yanavyozidi kupoteza nguvu.