Mnasihi Asiyetujua: Hoja Kuhusu Uteuzi wa Vitabu vya Kujiendeleza

Kwenye meza za vitabu vya mitumba za Posta, Dar es Salaam, nina mazoea ya kufunua vitabu vya mafanikio si kwa ajili ya kuvisoma, bali kutazama kalamu ya aliyevisoma kabla yangu. Kurasa ishirini, thelathini za mwanzo huwa zimejaa mistari, pengine ya wino wa rangi mbili. Pembeni kuna alama za mshangao, tarehe, na katika nakala moja niliyoinunua, hesabu ya akiba ya kila mwezi iliyofika hadi mwezi wa nne. Kisha wino unakatika. Kuanzia sura ya tatu karatasi ni safi, hazijakunjwa hata ncha.

Ni rahisi kusema msomaji yule alikuwa mvivu. Wahamasishaji wenyewe hupenda jibu hilo, na lina faida kwao, kwa sababu linakifanya kitabu kisiweze kukosea kamwe: ukifanikiwa, sifa ni za kitabu; ukishindwa, hukukifuata ipasavyo. Makala haya yanashikilia jambo jingine. Kitabu cha kujiendeleza ni nasaha, na nasaha huhitaji mtu wa kuijibia. Kinachostahili fedha na muda wetu ni kile kinachomwonyesha msomaji neno lake limetoka wapi na linakomea wapi. Kisichofanya hivyo, hata kiwe kimeuza mamilioni ya nakala, ni sauti ya mpita njia.

Nasaha zetu za zamani zilikuwa na mwenyewe. Mwaka 1858, katika visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, akiwa mgonjwa na akijua huenda hatapona. Mengi aliyomuusia kuhusu utii kwa mume msomaji wa leo atayapinga, na ana haki. Ninachotaka tukitazame ni uhusiano uliokuwapo kati ya mtoa neno na mpokeaji. Mama alimjua bintiye, aliijua nyumba atakayoishi, aliwajua jamaa watakaomzunguka. Wasia ule kama ungeharibu jambo, hasara ingeurudia ukoo wake mwenyewe.

Mwaka mmoja baadaye, London, mchapishaji John Murray alitoa kitabu cha Mskoti Samuel Smiles kiitwacho Self-Help, ambacho jina lake ndilo aina nzima ya vitabu hivi inaitwa kwa Kiingereza hadi sasa. Smiles naye alianza kama Mwana Kupona, kwa kusema na watu aliowaona: vijana wafanyakazi wa Leeds waliokuwa wakifundishana wenyewe jioni na kumwalika aje kuzungumza nao. Lakini chapa ilimfanya mnasihi wa watu ambao hangewaona kamwe. Kufikia 1871 Nakamura Masanao alikuwa amekitoa kwa Kijapani, na kikasomwa na vijana wa Japani ya enzi ya Meiji ambao hawakujua viwanda vya Leeds vikoje. Smiles mwenyewe baadaye alilalamika kwamba jina la kitabu lilikuwa limewapotosha watu, wakadhani anasifu ubinafsi. Huo ndio mwanzo wa shida yetu: mnasihi hatujui, wala sisi hatumjui. Maswali ambayo Mwana Hashima hakuhitaji kuuliza, sisi lazima tuyaulize.

Swali la kwanza ni la chanzo. Chukua dai ambalo limo katika nusu ya vitabu vya aina hii na katika mahubiri yasiyo na idadi: kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21. Ukilifuata dai hilo kinyumenyume unafika kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura huko New York, aliyechapisha kitabu chake Psycho-Cybernetics mwaka 1960. Maltz alikuwa ameona kwamba wagonjwa wake huchukua takriban siku 21, kwa uchache, kuizoea sura mpya kwenye kioo. Hayo tu. Alikuwa akizungumzia kuzoea pua, si kuacha sigara wala kuamka saa kumi alfajiri, na neno lake "kwa uchache" lilidondoka njiani.

Sasa linganisha na kazi ya Phillippa Lally na wenzake wa University College London, iliyotoka katika jarida la European Journal of Social Psychology mwaka 2010. Washiriki 96 walichagua kila mmoja jambo dogo la kula, kunywa au mazoezi, wakalifanya kila siku kwa siku 84 na kujaza fomu. Thamani ya kati ya muda wa tabia kuota mizizi ilikuwa siku 66. Lakini mmoja alikadiriwa kuhitaji siku 18, mwingine 254, na hiyo 254 ni makadirio, kwa kuwa utafiti ulikuwa umekwisha zamani. Watafiti wanasema pia kwamba hesabu yao iliwakaa vizuri washiriki 39 tu. Namba hizo zinachosha, hazifai kubandikwa ukutani. Lakini mwenye nakala yangu ya Posta, yule aliyeishia mwezi wa nne, angejua kutoka kwao kwamba kuteleza siku moja hakukuharibu kitu, na kwamba siku ya 22 ikifika bila tabia kuota yeye si mbovu. Siku 21 zilimwambia kinyume chake.

Kwa hiyo mtu akiwa mezani na kitabu mkononi, aanzie nyuma. Je, kuna maelezo ya vyanzo? Kisha afungue sura ya katikati, si utangulizi, maana utangulizi wote duniani ni mtamu. Atafute mahali mwandishi anaposema: hapa njia yangu haikufaa. Kurasa kumi zisipokuwa na sentensi ya namna hiyo, mimi hukirudisha.

Swali la pili ni la wale wasiosimulia. Abraham Wald, mwanahisabati aliyefanya kazi katika kundi la watakwimu la Chuo Kikuu cha Columbia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alishughulikia ndege za kivita zilizorudi na matundu ya risasi. Matundu yaliyoonekana yalikuwa ya ndege zilizonusurika. Sehemu isiyokuwa na tundu huenda ndiyo iliyoziangusha zile ambazo hazikurudi. Vitabu vya mafanikio karibu vyote vimeandikwa kwa kuhesabu matundu ya waliorudi. Jim Collins alikuwa mwangalifu kuliko wengi: katika Good to Great ya 2001 alichuja kampuni 1,435 akabaki na 11, tena akazilinganisha na kampuni nyingine za namna hiyo hiyo. Hata hivyo, miongoni mwa hizo 11, Circuit City iliomba kufilisika mwaka 2008, na Fannie Mae mwaka huo huo ikawekwa chini ya uangalizi wa serikali ya Marekani.

Viktor Frankl alikuwa mnusurika kuliko wote hao. Kitabu chake kuhusu kambi za Wanazi kilitoka Vienna mwaka 1946, na mapema kabisa anamwambia msomaji kwamba waliokuwa wema kuliko wote hawakurudi. Sentensi hiyo inaizuia simulizi yake kugeuka kanuni. Hasemi kwamba aliokoka kwa kuwa alikuwa na matumaini. Anajua walikuwapo wenye matumaini makubwa zaidi waliokufa. Ndiyo maana neno lake kuhusu maana ya maisha linaaminika.

Swali la tatu, la mahali, linakiangukia zaidi Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, kilichotoka 1997 na ambacho hakikosekani kwenye meza yoyote ya Posta. Tofauti anayoichora kati ya mali inayoleta fedha na ile inayokula fedha ni nzuri, ingawa mama ntilie aliyenunua sufuria ya pili badala ya kitenge alikwisha kuijua. Lakini njia anazozipendekeza zimekaa juu ya rehani za benki na sheria za kodi za Marekani. Nchini Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Mtu hupewa haki ya kuitumia kwa muda, na viwanja vingi bado havina hati ambayo benki itaikubali. Msomaji wa Mbagala anayekopa ili "anunue mali" kama alivyoelekezwa huwa anatembea mji mmoja kwa ramani ya mji mwingine. Kitabu hakimwambii hivyo, kwa kuwa hakikujua kuwa yeye yupo.

Nitajibiwa kwamba watu hawatafuti takwimu, wanatafuta moyo, na kwamba kijana aliyekosa ajira miaka mitatu akipata moyo kwa shilingi elfu tano amepata kitu. Nalikubali hilo zaidi ya wanazuoni wenzangu wengi. Moyo ni kitu. Tatizo ni kwamba moyo uliojengwa juu ya ahadi ya uongo hudai malipo baadaye, na anayelipa ni yule yule kijana, kwa aibu.

Tena hamasa na ukweli si lazima vitengane. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia Watanzania wanaokadiriwa kuwa milioni 2. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, kijitabu kikasomwa kwa sauti ili na asiyejua kusoma apate, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya kuhusu malaria, kichocho, kuhara. Palikuwa na nyimbo na hamasa tele. Lakini kijitabu kilisema chimba choo, na kikundi kiliweza kwenda uani kwa mwenzao kutazama kama shimo lipo au halipo, na kama ardhi ilikuwa ya mwamba, wakakaa tena wiki iliyofuata kuulizana wachimbe wapi.