Kilemba, Chai na Mto Ndarugu

Mimi ni fundi cherehani mjini Thika, na wateja wangu wa tangu na tangu ni Waakorino, waumini wa kanisa la Kiafrika wanaovaa vilemba vyeupe. Kitambaa cheupe cha kilemba hakitaki mchezo. Tone moja la mafuta ya mashine likikiangukia, hiyo ni hasara yako fundi. Kuna mzee ambaye kila akiniletea chake huvua viatu mlangoni, kana kwamba kibanda changu cha mabati ni hekalu. Siku moja nilimtania kuhusu hilo. Akaelekeza kidevu upande wa Gatundu, akaniambia, "Fundi, kuna watu walikufa msituni wakiwa na imani ya kilemba hiki."

Hakuwa akitia chumvi. Februari 1934, katika msitu wa Ndarugu, polisi wa mkoloni waliwapiga risasi na kuwaua watu watatu wa kundi lililoitwa Watu wa Mungu, au Arathi, yaani manabii, chimbuko la Waakorino wa leo. Mmoja wao alikuwa kiongozi wao, Joseph Ng'ang'a. Walikuwa na pinde na mishale. Mto Ndarugu ndio huo huo unaopita chini ya barabara kuu ya Thika upande wa Juja. Abiria wengi huuvuka wakiwa wamezama kwenye simu zao.

Kisa kilianza miaka mitano nyuma. Mwaka 1929 misheni za Thogoto, Kambui na Kijabe ziliwataka waumini wao waikane tohara ya wanawake, na waliokubali waliweka alama ya kidole gumba. Wakabandikwa jina la kirore kutokana na alama hiyo. Wengi mno waliokataa walitoka kwenye misheni, wakajenga shule na makanisa yao wenyewe, na nyimbo za Muthirigu zikawasimanga wamishenari hadi serikali ikazipiga marufuku mwaka 1930. Mimi nina mabinti, na tohara ile siitetei hata kidogo. Ila ugomvi ulikuwa umeshapita kisu: ulikuwa wa nani ana haki ya kumwambia Mkikuyu Mungu anataka nini. Agano Jipya lilikuwa limetoka kwa Kikuyu mwaka 1926, watu wakajisomea bila mkalimani. Arathi wao hawakuwafuata wamishenari wala hawakuketi na wanasiasa. Walikataa vitu vya kigeni, wakainua mikono kuelekea Mlima Kenya wakaomba. Serikali ilipotazama mikono ile iliona maasi.

Mtu aliyewaandika vizuri alikuwa mwana wa Gatundu. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, aliwatengea Watu wa Mungu sehemu kubwa ya sura moja. Hapo ndipo mimi hukwama. Maana miaka 31 baadaye, akiwa Rais, ni nyumbani kwake Gatundu ambako Wakikuyu walipelekwa kwa malori na mabasi kulishwa kiapo.

Waziri Tom Mboya, Mluo, alikuwa ameuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, nchi ikatikisika, na wakubwa wakataka kabila lifungwe pamoja ili bendera ya urais isitoke nyumbani kwa Mumbi, mama wa Wakikuyu. Watu hawakusema "kiapo". Walisema "chai". Umeshakunywa chai? Unaenda chai lini?

Baba alikuwa kibarua katika shamba la kahawa Ruiru, mtu aliyeokoka. Walokole kama yeye walikuwa wameshapitia hayo wakati wa Mau Mau: wakiletewa kiapo walijibu kwamba wamekwisha kunywa damu ya Kristo, nyingine haiwezekani. Lori lilipokuja usiku, baba alitoa jibu lile lile. Alirudi alfajiri kwa miguu, shati limegandana na mgongo. Mama alilichovya kwenye karai la maji ya chumvi, na jioni akanipa sindano nirudishe vifungo viwili vilivyong'oka. Nilikuwa na miaka saba. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya ufundi.

Baba alipona. Mzee mmoja wa kanisa la PCEA alipigwa hadi akafa kwa kukataa chai. Viongozi wa makanisa walilalamika, na gazeti la baraza lao, Target, lililohaririwa na Henry Okullu, likapinga bila kuuma maneno. Wabunge wengi walikuwa kimya.

Siku hizi mwanasiasa haji na lori. Anaingia kanisani mchana kweupe na mfuko wa pesa, anapewa kipaza sauti, na kwaya niliyoishonea majoho inampigia vigelegele. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mamilioni ambayo Rais Ruto alitoa na kuahidi kwa parokia ya Soweto. Nilimsikia redioni nikiwa kwenye mashine, nikasimamisha mguu.

Na kilemba? Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba msichana Mrasta aliyefukuzwa shuleni kwa sababu ya nywele alizozifunika kwa kilemba arudi nazo kichwani. Mzee wangu nilipomsomea habari hiyo alicheka, akauliza bei ya kushona cha mjukuu.

Waliolishwa chai ile, na walioikataa, sasa ni wazee sana. Kama kuna mmoja kwenu Ruiru, Juja au Gatundu, keti naye Jumapili hii umwulize.