Kalibu, Kiungio na Kompyuta: Historia ya Nyumba Zinazotoka Kiwandani

Mwaka 1850 mhandisi Charles Fox alikaa kwenye meza ya kuchorea saa 18 kwa siku, wiki saba mfululizo. Alikuwa akiandaa michoro ya Crystal Palace, jumba la chuma na vioo lililobuniwa na Joseph Paxton kwa ajili ya maonyesho makubwa ya London. Jumba hilo lilipita nusu kilomita kwa urefu, na wageni walitarajiwa Mei 1, 1851. Muda wa kuchonga vitu kiwanjani haukuwepo. Nguzo, mihimili na vioo vilitoka viwandani vikiwa tayari, na kazi iliyobaki ilikuwa kuviunganisha.

Ujanja wa jumba lile ulikuwa kwenye nguzo. Zote zilikuwa na kipenyo kimoja kwa nje, inchi 8. Iliyobeba mzigo mkubwa ilinenepeshwa chuma chake kwa ndani, mahali pasipoonekana. Kwa kuwa sura ya nje haikubadilika, mihimili ilikaa mahali pake bila kukatwa wala kuongezewa.

Hapo ndipo nyumba ya kiwandani inapoachana na nyumba tuliyoizoea. Katika ujenzi wa kawaida ramani ikiwa na kasoro, fundi anaimaliza kwa mwiko. Ukuta ukipinda plasta itaunyoosha, na nafasi ya mlango ikibana, tofali litapunguzwa. Kipande cha zege cha tani kadhaa hakina msamaha huo. Ramani ikikosea milimita 10, kosa hilo litajirudia katika kila kipande kitakachomwagwa kwenye kalibu ileile, na litagundulika siku kreni itakapokuwa imekwisha kukiinua.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilihitaji shule nyingi kwa haraka, na halmashauri zake zikageukia vipande vya kuunga. Mwaka 1957 ulizaliwa muungano wa halmashauri ulioitwa CLASP, chimbuko lake likiwa Nottinghamshire, eneo la migodi ya makaa ya mawe ambako ardhi ilikuwa ikititia. Wasanifu wake walibuni fremu nyepesi za chuma zenye viungio vinavyocheza, na kwenye vyuma vya mshazari wakaweka springi, ili ardhi ikizama jengo lifuate bila kupasuka. Mwaka 1960 shule ya aina hiyo ilishinda tuzo kubwa kwenye maonyesho ya Triennale mjini Milan, Italia.

Wakati huohuo kompyuta ilikuwa inajifunza kuchora. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Ivan Sutherland aliwasilisha Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Jambo lake kubwa lilikuwa uhusiano kati ya mchoro mama na nakala zake: ukiubadilisha mama, nakala zote zinabadilika papo hapo. Kwa mtu anayebuni kipande kimoja kitakachotumika mara mia, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kwa hiyo haishangazi kwamba programu za mwanzo za usanifu majengo nchini Uingereza zilitua kwenye majengo ya vipande. Kompyuta za miaka ya 1970 zilikuwa na kumbukumbu ndogo, zisingeweza kubeba jengo ambalo kila kona ni ya aina yake. Jengo la vipande vinavyojulikana ziliweza. Kampuni ya Applied Research of Cambridge ilitengeneza OXSYS kwa ajili ya mamlaka ya afya ya Oxford, iliyokuwa ikijenga hospitali kwa vipande vya kuunga. Ndani yake ilihifadhiwa orodha ya vipande pamoja na kanuni za kuviunga. Msanifu alipanga, kompyuta ikachora na kuhesabu.

AutoCAD ilipotoka mwaka 1982 ikitumia kompyuta ndogo za mezani, uchoraji wa kompyuta ulifika hata kwenye ofisi zenye watu wawili. Kwa upande mwingine ilikuwa kurudi nyuma, kwani mstari kwenye skrini ulibaki mstari, haukujua kama ni ukuta au bomba. Programu zilizofuata, kama zile za kampuni ya Tekla ya Finland, zilirudisha kipande chenye akili: ukuta unaojua uzito wake, nondo zake na ndoano za kuinulia. Taarifa hizo sasa zinaweza kwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kiwandani.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo mchoro haufiki. Alfajiri ya Mei 16, 1968, gesi ililipuka kwenye ghorofa ya 18 ya Ronan Point, jengo jipya la ghorofa 22 mashariki mwa London lililojengwa kwa kuta za zege za kiwandani. Mlipuko ulisukuma nje ukuta uliobeba wenzake, na kona nzima ikaporomoka kuanzia juu hadi chini. Watu wanne walikufa. Jengo lilitengenezwa, likakaliwa tena, kisha likabomolewa mwaka 1986 ghorofa kwa ghorofa. Ndipo viungio vilipofunguliwa na kukutwa na mapengo, vingine vikiwa vimeshindiliwa magazeti mahali palipotakiwa kujazwa zege.

Programu ya leo ingeonya mapema kwamba ukuta mmoja ukitoka kona nzima itafuata. Magazeti yasingeonekana kwenye skrini yoyote. Anayenunua nyumba ya kiwandani, baada ya kusifu ramani yake ya kompyuta, aulize ni nani aliyekagua viungio kabla havijafunikwa.