Kuhoji, Kusaili na Kutoa Maelezo
Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliandikwa kwa Kiingereza, ikaweka saa 4 kuwa muda wa msingi wa polisi kumhoji aliye chini ya ulinzi. Kwa mkazi wa Zuzu, Dodoma, jambo hilo huitwa mahojiano, neno lilelile la redioni. Kusaili kungefaa, kwani asili yake ya Kiarabu ni kuuliza tu. Lakini usaili umekwishatwaliwa na waombaji kazi. Utata mkubwa zaidi umo katika “kutoa maelezo”. Shahidi hutoa maelezo, mtuhumiwa naye hutoa maelezo. Kinachowatenga ni neno moja, onyo. Aitwaye kituoni “kutoa maelezo” hajui bado anaitwa kwa nafasi ipi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, uteuzi huu ni mzigo wa mwandishi wa sheria, si wa mkalimani pekee.