Sonona ya Majira: Istilahi na Matumizi Yake

Sonona ya majira ni aina ya sonona inayomrudia mtu yuleyule katika kipindi kilekile cha mwaka, hasa katika nchi zilizo mbali na ikweta, ambako humwingia siku zinapofupika, ikamwachia siku zinaporefuka, kisha ikamrejea mwaka unaofuata. Hali hii ilielezwa rasmi mwaka 1984 na Norman Rosenthal pamoja na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani. Na inafaa kukumbukwa kwamba Rosenthal mwenyewe ni mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyehamia Marekani na kukutana huko na majira ambayo makuzi yake hayakumwandaa kuyakabili. Kakamega, mji wa Kenya ulio sehemu ndogo tu ya digrii moja kaskazini ya ikweta, haina majira ya namna hiyo. Hata hivyo istilahi hii inahitajika huko, kwa kuwa familia nyingi za kaunti ya Kakamega zina jamaa ughaibuni, na tangu Kenya na Uingereza zilipotia saini makubaliano kuhusu wahudumu wa afya mwezi Julai 2021, wauguzi wa Kenya wamekuwa na njia rasmi ya kwenda kufanya kazi katika hospitali za Uingereza. Mzazi aliyebaki Shinyalu au Lurambi, akisikia kwenye simu kwamba bintiye aliyekuwa mchangamfu hana hamu ya chochote tangu Novemba, hulala saa nyingi na huamka akiwa amechoka, huenda akadhani ni uvivu, ukiwa au husuda ya watu, ilhali hali hiyo ina jina, ina maelezo ya kitabibu na ina tiba.

Kifupi cha jina la Kiingereza la maradhi haya ni SAD, herufi ambazo katika lugha hiyo huunda neno lenye maana ya huzuni, na kifupi hicho kimewavuta baadhi ya wafasiri waandike “huzuni ya msimu”. Tafsiri hiyo inapotosha. Huzuni ni hisia ya kawaida inayofuata msiba au hasara na hupungua kadiri siku zinavyopita. Sonona, neno ambalo wataalamu wa afya, hasa wa Tanzania, wamelizoesha, hutaja ugonjwa unaodumu kwa majuma, unaomwondolea mtu raha ya mambo aliyoyapenda, unaovuruga usingizi na hamu ya chakula, na unaoweza kumfikisha kwenye mawazo ya kujiua. Kitenzi kusonona, yaani kuumwa moyoni, kilikuwepo katika Kiswahili kabla ya hospitali kukihitaji, na kwa sababu hiyo nomino yake inamwingia msomaji bila kulazimishwa. Nchini Kenya maneno msongo wa mawazo na mfadhaiko husikika zaidi, lakini msongo ni shinikizo linaloweza kumpata mtu mzima wa afya anayetafuta karo ya Januari, na kuliita shinikizo hilo ugonjwa, au kuuita ugonjwa shinikizo, ni kumkosea mwenye msongo na mgonjwa pia. Aidha, mwongozo wa uchunguzi wa maradhi ya akili unaotumiwa Marekani, tangu toleo lake la mwaka 1987, hauiweki hali hii kando kama ugonjwa wa pekee, bali huitazama kama mwenendo wa majira ndani ya maradhi ya hisia yanayojulikana, na kwa hiyo “sonona ya majira” inakaribia uelewa wa sasa wa madaktari kuliko hata jina la kwanza la Kiingereza.

Kosa la pili, lenye madhara makubwa zaidi, ni kuliingiza neno baridi katika jina hili. Kakamega iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na wakazi wake wanaijua vizuri baridi ya Juni na Julai, asubuhi za ukungu kando ya msitu na sweta zinazovaliwa na wanafunzi mpaka saa 4. Lakini katika miezi hiyo siku ina saa 12 na dakika chache za mwanga, sawasawa na Desemba, na tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haizidi dakika mbili au tatu. London mambo ni mengine kabisa: karibu na tarehe 21 Desemba jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na huzama kabla ya saa 10 alasiri, hivi kwamba muuguzi wa zamu ya mchana huingia wodini gizani, akatoka gizani, na huenda akamaliza wiki nzima ya kazi bila kupigwa na jua. Chanzo kinachoshukiwa zaidi ni upungufu huo wa mwanga. Ndani ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kuu si kuona maumbo bali kupima mwanga na kupeleka habari kwenye saa ya mwili, yaani kifundo kidogo cha neva kilicho katika sehemu ya chini ya ubongo, na saa hiyo ndiyo inayoiamuru tezi ya pineali itoe melatonini, homoni ya usiku. Alfajiri inapochelewa, saa ya mwili huelekea kuchelewa pia, na mtu hulazimika kuamka, kula na kufanya kazi ilhali mwili wake ungali usiku. Pamoja na hayo, mabadiliko ya serotonini, kemikali inayohusika na hisia na hamu ya chakula, huhesabiwa miongoni mwa sababu. Dalili zenyewe huufuata mkondo huo: usingizi mwingi kupita kiasi, uzito wa viungo, ulaji wa vyakula vya wanga na sukari, kunenepa na kujitenga. Mtu anayeamini kwamba anaumwa na baridi atanunua koti zito na kujifungia ndani karibu na kipasha joto, yaani atajiongezea kilekile kinachomuumiza.

Kuhusu neno majira, wapo wanaopendelea msimu, na hawajakosea. Lakini msimu husemwa pia kuhusu ligi, utalii na maembe, ilhali majira huelekeza fikra moja kwa moja kwenye mwendo wa mwaka na jua.

Istilahi inayoambatana na maradhi haya katika maandishi ya afya ni “njia za asili” za kuyapunguza, na hapa mwandishi wa Kiswahili anapaswa kuwa mwangalifu, kwa maana msomaji wa Kakamega akisoma maneno hayo atawaza mitishamba. Atamkumbuka mwuza mukombero wa sokoni mwenye mafungu ya mizizi iliyooshwa, ambayo mteja huimenya kwa meno na kuitafuna mibichi, ikatoa harufu tamu inayokaribia ya vanila. Mmea huo, ambao wataalamu huuita Mondia whytei, unasifiwa kwa kuongeza hamu ya chakula na nguvu, na ni sehemu ya heshima ya Waluhya kwa msitu wao. Haujathibitishwa kuwa tiba ya sonona, na mzazi anayeufunga kwenye kifurushi cha kwenda Uingereza anatuma mapenzi, jambo lenye thamani yake, bali hatumi dawa. Maelezo yanayofaa zaidi ni “njia zisizo za dawa”, nayo ya kwanza kati yake ni mwanga.

Tiba ya mwanga hufanywa kwa taa maalumu inayotoa laksi 10,000, laksi ikiwa ni kizio cha kupimia mwanga unaoangukia mahali fulani, na mgonjwa huketi mbele yake kwa dakika 30 hivi mapema asubuhi, macho yakiwa wazi lakini bila kuikodolea. Kwa kulinganisha, taa za kawaida za sebuleni hutoa laksi mia chache tu, na jua la adhuhuri pasipo mawingu hupita 50,000 kwa urahisi. Baadhi ya watu wangependa kusema “tiba ya nuru”, neno zuri ambalo kwa bahati mbaya lingesikika katika eneo lenye makanisa mengi kama ibada ya uponyaji. Mwanga unafaa zaidi, ingawa pwani neno hilo humtaja pia mchawi wa usiku. Asiye na taa hiyo hufaidika kwa kutembea nje asubuhi au mchana, kwani hata anga la mawingu la London hutoa mwanga mwingi kuliko taa za ndani. Taa yenyewe isitumiwe bila ushauri wa daktari na mtu mwenye maradhi ya macho au aliyewahi kupatwa na vipindi vya uchangamfu uliopita kiasi, kwa sababu mwanga mkali unaweza kuviamsha tena.

Njia nyingine ni tiba ya fikra na mwenendo, ambamo mgonjwa hujifunza kuzitambua fikra zinazomkatisha tamaa na kupanga shughuli zenye furaha kabla hajazitamani. Kelly Rohan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vermont waliilinganisha na tiba ya mwanga, wakakuta kwamba zote mbili zilisaidia kwa kiwango kilekile, lakini baada ya majira mawili ya baridi waliorudiwa na sonona walikuwa wachache zaidi kwa wale waliofundishwa tiba ya fikra. Kwa mtu wa Kakamega shughuli za namna hiyo hazihitaji kubuniwa upya. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, huunganisha mwendo wa mwili, uimbaji na mkusanyiko wa watu, mambo matatu ambayo sonona humnyang'anya mgonjwa kwanza. Na hakuna sababu ya kungoja Krismasi ili wanajamii walio ugenini waipige.

Vitamini D ni suala la karibu lisilopaswa kuchanganywa na hili. Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili kuitengeneza, na idara ya afya ya Uingereza huwashauri watu wenye asili ya Afrika wafikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima, ushauri ulio mwema kwa mifupa na misuli; lakini jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2020, lenye washiriki zaidi ya 18,000, halikuona kwamba vitamini hiyo huzuia sonona. Tahadhari kubwa zaidi inahusu mmea wa Ulaya uitwao Hypericum perforatum, unaouzwa madukani huko bila cheti cha daktari kama kiliwazo cha asili. Mmea huo huliharakisha ini katika kuziondoa dawa nyingine mwilini, zikiwemo baadhi ya dawa za kupunguza makali ya VVU, vidonge vya kupanga uzazi na dawa za kuzuia damu kuganda, na anayeuchanganya na dawa za sonona hujihatarisha kwa namna nyingine. Jamaa aliye Kakamega, ambaye mara nyingi ndiye anayejua mgonjwa anameza nini, ana haki ya kuuliza swali hilo kwenye simu, na akisikia maneno ya kukata tamaa ya kuishi amhimize mgonjwa aende hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja siku zirefuke.