Divai ya Porto na mizabibu ambayo haikung'olewa

Leo tutoke kidogo kwenye siasa, twende kaskazini ya Ureno, kwenye mto Douro. Wengi wetu tunajua chupa ya Porto juu tumeiona kwenye meza ya ndoa: tamu, nyekundu, inaisha usiku ule ule. Hiyo ni Porto ya kawaida. Kuna nyingine, inayotoka kwenye mavuno ya mwaka mmoja tu, na mwaka huo unaandikwa kwenye etiketi. Mtu anainunua akingali kijana, anaifungua akiwa na wajukuu. Mizabibu mizee inayotoa divai hiyo ilikaribia kuisha mara mbili: kwanza juu ya mdudu, halafu juu ya shauri la wataalamu.

Tuone kwanza namna inavyotengenezwa. Zabibu zinakanyagwa kwa miguu ndani ya beseni kubwa la mawe linaloitwa lagar. Zikichacha siku mbili tatu, sukari ikibakia karibu nusu, wanamimina pombe kali ya zabibu yenye digrii 77. Chachu inakufa, sukari inabaki, divai inafika digrii 20 hivi. Porto nyingi nyingine zinazeekea ndani ya mapipa. Hii ya mwaka mmoja inakaa pipani miaka kama miwili tu, kisha inatiwa chupani bila kuchujwa, na uzee wake wote unafanyika humo ndani ya kioo. Tena si kila mwaka. Nyumba ya biashara inatangaza mwaka pale tu divai inapostahili, tuseme mara tatu hivi katika miaka kumi.

Wanunuzi wakubwa walikuwa Waingereza. Mapatano ya mwaka 1703 yaliipunguzia divai ya Ureno ushuru, ikalipa theluthi moja chini ya ile ya Ufaransa. Biashara ikapanda, na udanganyifu nao ukapanda: watu walitia maji ya matunda meusi ya mti unaoitwa kwa Kifaransa sureau, ili divai dhaifu ipate rangi. Mwaka 1756 waziri Pombal aliunda kampuni ya serikali, akaweka mipaka ya eneo kwa nguzo za mawe, akaamuru miti ile ing'olewe. Wenye vilabu wa mji wa Porto waliasi mwezi wa pili 1757, na zaidi ya watu kumi walinyongwa. Wanaosema kwamba jina la divai ni mambo ya makaratasi tu, wakumbuke kamba ile.

Sasa mdudu. Filoksera ni kidudu kidogo sana kilichotoka Amerika pamoja na miche ya mizabibu. Kinanyonya mizizi, mti unakauka pole pole. Kilifika Douro katika miaka ya 1860. Ujue kule hakuna udongo wa maana: ni mlima wa mawe. Watu, wengi wao vibarua kutoka Galicia ya Hispania, walivunja mwamba kwa nyundo na baruti, wakajenga kuta za mawe bila saruji ili kushika ngazi za mashamba. Kazi ya vizazi na vizazi. Na ngazi hizo zikaachwa, nyingine hadi leo hazina mzabibu hata mmoja. Wenyeji wanaziita mortórios, jina lenye kifo ndani yake.

Dawa ilitoka kule kule mdudu alikotoka. Mizizi ya mizabibu ya Amerika inamvumilia, kwa hiyo walipandikiza mzabibu wa Ulaya juu ya mzizi wa Amerika, ile kazi wanaagronomi wetu wanaita greffe. Karibu mizabibu yote ya Douro leo ni hivyo. Hapa kuna jambo wanywaji wengi hawajui: mingi ya hiyo "mizabibu mizee" inayosifiwa kwenye etiketi ni watoto wa janga lile, ilipandwa baada ya mdudu, si mbele yake.

Kuna kishamba kimoja kilichokataa. Ni ndani ya shamba la Quinta do Noval, ambalo mfanyabiashara António José da Silva alilinunua mwaka 1894, filoksera ikiwa imekwisha kuliharibu. Kwenye hekta mbili na kitu hivi, wakapanda mizabibu katika miaka ya 1920 bila mzizi wa Amerika. Ikashika. Wakaiita Nacional, juu imesimama kwa mizizi yake yenyewe kwenye udongo wa taifa. Inatoa divai kidogo sana. Divai yake ya mwaka 1931 imekuwa moja ya chupa mashuhuri za Porto. Na mwaka ule karibu nyumba zote zilinyamaza! Dunia ilikuwa kwenye mgogoro wa uchumi, makave yalikuwa yamejaa divai ya 1927. Noval ni kati ya wachache waliotangaza.

Hatari ya pili ilikuja na diploma mkononi. Wazee walipanda aina nyingi kwenye shamba moja, ishirini na zaidi, zimechanganyika mstari kwa mstari. Nyingine zinawahi kuiva, nyingine zinachelewa, zinavunwa siku moja zote. Mwaka 1981 watafiti wawili wa Douro, José Ramos Pinto Rosas na João Nicolau de Almeida, walipendekeza aina tano bora, Touriga Nacional ikiwa kati yake. Utafiti ulikuwa mzuri, siwalaumu. Ila mkopo wa Benki ya Dunia ulipofika miaka ile ya 1980, mashamba mapya yalipandwa aina hizo hizo tu, kila moja sehemu yake. Mwenye shamba mzee lenye mavuno haba, asiye na makuta ya kungoja, alikuwa na kila sababu ya kung'oa. Mimi naona wengi waliobakiza hawakuwa na falsafa yoyote, walikosa tu pesa ya kupanda upya. Kumbe soko likageuka: nyumba ya Taylor's, kwa mfano, ilianza kutoa Vargellas Vinha Velha, ya mizabibu mizee peke yake, kwa mavuno ya 1995.

Ukipata bahati ya kuonja, ujue umri wake. Ikiwa changa ni nyeusi kama wino, inakamata ulimi kama chai kali isiyo sukari. Baadaye inajifunga miaka kadhaa, unaweza kufikiri imeharibika. Kuanzia miaka ishirini inalainika, rangi inaelekea tofali, harufu ya matunda makavu inatoka. Kwenye kave inalazwa, gizani, digrii 12 hadi 15, bila kutikiswa. Zamani walipiga alama ya chokaa juu ya chupa, ili kila inapohamishwa ilazwe ubavu ule ule na masimbi yasivurugike. Siku moja mbele ya kunywa, isimamishe wima. Umimine pole pole mbele ya mshumaa, na matope yakifika shingoni, usimame. Kizibo cha zamani kikiwa kimeoza, wako na koleo ya chuma: wanaipasha moto hadi inakuwa nyekundu, wanabana shingo ya chupa, wanaweka kitambaa cha maji baridi, na kioo kinakatika safi, kizibo kikiwa bado ndani yake.